Vipandio Kumi na Tisa

Shemeji yangu Futikamba hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Akiona maji yamezidi ndoo, anatafuta pa kushika. Ni fundi cherehani, mume wa dada yangu, na jina hilo alipewa kwa sababu futikamba haimtoki shingoni hata akiwa mezani anakula. Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na moja kwenye boti ya kusukuma matishari, yale mabapa ya chuma yasiyo na injini yanayobeba mizigo mtoni. Sasa niambie, kati yetu nani alistahili kuitwa mjuzi wa boti?

Basi walimwita yeye.

Ilianza nilipostaafu. Boti yetu ilikatwa vipande, ikauzwa chuma chakavu, nami nikaona niiunde upya kwa karatasi ya manila, sentimita mbili kwa kila mita, na matishari yake manne mbele. Futikamba alikuja kunisalimu, akanikuta na gundi hadi kwenye nyusi, akacheka sana. Wiki iliyofuata naye akaanza ya kwake. Mikono yangu imezoea kuvuta nyaya nene. Karatasi ikinigusa inajikunja. Yeye anakata kwa wembe bila kuhema, na kila pembe inakaa sawasawa. Watu wakawa wanapita mlangoni kwangu kwenda kwake. Mke wangu mwenyewe alirudi kutoka huko akisema, "Ungeona ya shemeji yako! Hata kamba amezisuka." Nilimwonea wivu, sifichi.

Kisha ofisi ya bandari ikatangaza kwamba kwenye ukumbi wa abiria litawekwa kabati la vioo, na ndani yake mfano mmoja wa boti yetu. Mmoja tu, na nahodha wetu wa zamani ndiye angechagua. Miaka yangu yote mle botini haikuwa imeacha alama popote. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Siku chache baadaye Futikamba akaja na picha ya boti aliyoikata kwenye kalenda kuukuu.

"Shemeji, nisaidie. Ngazi ya kupandia chumba cha usukani ilikuwa na vipandio vingapi? Picha ina ukungu, siiamini sana, na urefu wote naupimia hapo."

Vilikuwa kumi na tisa. Nilivisugua kila asubuhi, navijua kuliko vidole vyangu.

"Kumi na tano," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Kwani unamuuliza nani?"

Akaandika nyuma ya picha kwa chaki yake ya kushonea, akamaliza chai, akaniaga kwa heshima zote.

Siku ya kuchagua, mifano yetu iliwekwa kwenye meza moja ukumbini, na watu wakajaa upande wake. Nahodha hakuhangaika na kamba zilizosukwa. Aliinama hadi jicho lake likawa sawa na dirisha la chumba cha usukani, akatazama mbele, juu ya matishari. Wangu kwanza, halafu wa Futikamba. Hapo akakaa kitambo.

"Fundi, kwa kazi ya mikono nakuvulia kofia," akasema. "Lakini humu ndani nisingeuona mto. Naona mgongo wa tishari tu. Ningeua watu. Nani alikupa urefu huu?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nimehesabu vibaya mwenyewe," akasema Futikamba.

Nahodha akageukia wangu. "Huu umekunjamana kama shati la mlevi, ila ndiyo boti yangu."

Wakapiga makofi, nikashikwa mkono na watu nisiowajua.

Tulirudi pamoja, yeye kabeba mfano wake kwa mikono miwili. Karibu na kwake akasema, bila hasira yoyote, "Kwenye ile picha nilihesabu kumi na tisa, shemeji. Mara tatu. Nikajiambia macho yangu yamechoka, wewe ndiye uliyekuwa humo."



Mfano wangu uko kabatini mpaka leo. Nimekwenda kuutazama mara moja tu. Wiki iliyopita nilimpitia Futikamba kibandani kwake, nikamkuta kando ya cherehani anaunda boti upya, chumba cha usukani kimepanda mahali pake. Nikakaa, nikisubiri aniulize chochote. Hakuuliza. Mwishowe nikasema mwenyewe:

"Madirisha ya mbele yalikuwa saba, shemeji."

Ilikuwa kweli tupu.

"Ahsante, shemeji," akasema. Kisha akaivuta ile picha karibu, akachomoa sindano kwenye ukosi wake, na kwa ncha yake akaanza kuyahesabu madirisha, moja baada ya jingine.