Sindano Nane za Mkia Mwekundu

Mashine ya kufuma sweta iliyo sebuleni mwangu ilikuwa ya mama yangu. Ni chuma kirefu kinacholala juu ya meza, kina sindano karibu mia mbili zilizopangwa kwa mstari, na kila sindano ina ndoano mbele na ulimi mdogo unaofunguka na kujifunga. Ulimi huo ukikatika, kitanzi kinadondoka na sweta inafumuka kuanzia hapo. Mtu asiyefuma atakwambia ubadilishe sindano. Asante sana. Atuonyeshe duka basi.

Mimi nilitafuta. Kericho mjini, muuza vitambaa alinitolea sindano za cherehani. Bomet walinicheka. Nakuru nilimpata mzee mwenye sanduku zima, nikanunua kumi kwa furaha, nikafika nyumbani Mogogosiek nikakuta ni nene, haziingii. Nilipompigia simu alinieleza kwamba za aina yangu hazitengenezwi tena, kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba.

Mama alikuwa na dawa ya shida hiyo. Sweta ya mtoto wa shule hutumia sindano za katikati tu, kwa hiyo za pembeni hukaa bure miaka na miaka. Za katikati zikichoka, unazitupa na kuleta za pembeni mahali pake. Ili asisahau ni zipi ameshazihamisha, mama alizipaka mkia rangi nyekundu ya kucha. Alipofariki, katikati yote ilikuwa ya mikia myekundu, na pembeni hapakubaki kitu cha kuhamisha.

Huku kwetu kuna mfumaji mwingine mmoja tu. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, kuchuma chai kwenye estate, na alipostaafu akapanga chumba karibu na soko badala ya kurudi kwao. Yeye na mama walinunua mashine zao siku moja, za aina moja, shule fulani ya ufundi ilipokuwa inafungwa. Walifundishana kufuma wakibishana. Yeye huniita nyathina, mtoto wangu, na mimi humwita Mama, hasa tangu wangu aondoke.

Desemba hiyo nilikuwa na sweta za shule, za kuvaliwa Januari shule zikifunguliwa, na sindano zangu nane zikakatika ulimi, moja baada ya nyingine. Wiki hiyohiyo Mama huyo alifiwa na kaka yake. Kabla ya kusafiri alinipa ufunguo wa chumba chake.

"Kuku wangu usiwasahau," alisema. "Hao wengine hapa wataniletea hasara, lakini wewe nakujua."

Siku ya tatu, baada ya kuwamwagia kuku mahindi, nilifunua kitambaa alichofunikia mashine yake. Nilitoa sindano nne upande wa kushoto kabisa na nne upande wa kulia kabisa. Nafasi ikibaki wazi itaonekana, nikafikiri, kwa hiyo nikaweka zangu mbovu mahali pake. Zilikuwa na mikia myekundu, lakini mkia hulala ndani ya chuma, nani atauona? Nilijiambia ninaazima tu. Mtu anayeazima huomba. Mimi nilichungulia dirishani kwanza.

Jumapili nilisimama mbele ya watoto wa Sunday school nikafundisha kama kawaida. Laiti ningeweza kusema moyo ulinidunda. Haukudunda. Nilikuwa na raha, kwa sababu sweta zilikuwa zinakwenda vizuri, na nikikumbuka ile raha ndipo uso unaponichoma hadi leo.

Alirudi kutoka mazishini, akafuma sweta zake ndogo za nasari, na hakuna kilichotokea. Nikaona Mungu naye amenyamaza. Wanasema siku za mwizi ni arobaini; zangu zilipita, nikasahau hata kuzihesabu.

Kisha ikaja baridi ya Juni na kwaya ya kanisa ikataka sweta za watu wazima. Kazi hiyo walimpa yeye. Sweta ya mtu mzima hufika pembeni, na sindano zangu zilikuwa zinamngoja huko.

Alikuja kwangu na kipande cha mgongo wa sweta mkononi, vitanzi vimefumuka pande zote mbili.

"Nyathina, macho yangu imeisha," alisema. "Ona hapa. Na hapa. Nimerudia mara tatu. Nafikiri nimeshika uzi, kumbe sijashika."

Niliangalia. Mistari iliyofumuka ilikuwa minne huku na minne huku, na niliijua kama ninavyojua vidole vyangu. Ningeweza kusema papo hapo. Tulikuwa wawili tu, mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mtu angesikia.

"Pole, Mama," nikasema. "Ni uzee."

Nilimpeleka mwenyewe hospitali ya misheni Kaplong, kana kwamba mimi ndiye msamaria. Daktari wa macho alimpima kwa subira, akamwambia macho yako sawa kwa umri wake, labda miwani ya kusomea Biblia. Alishukuru vizuri. Tulipotoka nje akatikisa kichwa.

"Daktari anajua macho," akaniambia, "lakini sweta inajua zaidi."

Kwaya walingoja wiki moja zaidi, halafu wakaniletea mimi ile kazi. Sikuikataa. Nilifuma sweta za kwaya kwa sindano zake, kila mgongo vipande viwili vya kuunganisha kwa kuwa pembeni kwangu ni patupu, na kila nilipopita sokoni nilimwona amekaa mlangoni, mikono mapajani, mwanamke ambaye sijawahi kumwona amekaa bure.

Mwezi uliofuata alikuja na mkebe wa mafuta ya kupikia, akauweka juu ya meza yangu. Nilimimina chai. Hakuigusa.

"Niliamua nikuletee sindano zangu zote," alisema. "Nikasema, huyu bado anaona, zimfae. Jana nikaanza kuzitoa, nikaanzia pembeni."

Alifunua mkebe. Ndani mlikuwa na sindano nane zilizofungwa kwa uzi wa sufu, ndimi zimekatika, mikia myekundu.

"Hii rangi ni mimi nilimnunulia mama yako," akasema. "Soko ya Kaplong. Alikuwa anaona haya kununua rangi ya kucha, mke wa mzee wa kanisa."

Yeye hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele majirani wakajaa.

"Kwa hivyo macho yangu iko mzima," alisema polepole, kama mtu anayesomewa barua. "Na mimi nilikuwa nimeanza kuzoea. Nilikuwa natembea nikishika ukuta."

Nilisema nisamehe. Nilisema sweta za shule, nilisema Nakuru, nilisema nilitaka kurudisha. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Ungeniomba. Si ningekupa? Wakati huo pembeni nilikuwa situmiangi."

Nilikwenda kwenye mashine. Sweta ya mwisho ya kwaya ilikuwa juu yake, imefika makwapani. Sindano zake zilijulikana upesi, ndizo pekee zisizo na mkia mwekundu. Nilizichomoa moja moja mbele yake, na sweta ikafumuka mikononi mwangu huku akitazama. Alizitia zake mkebeni, zangu akaziacha kando ya kikombe cha chai, akaaga kwa heshima kama mgeni. Hapo awali hakuwahi kuniaga kama mgeni.

Niliwaambia kwaya ukweli. Wengine walicheka, eti sindano tu. Walimrudishia kazi iliyobaki, na aliifanya, na haikudondoka kitanzi hata kimoja. Mimi siku hizi nafuma za watoto wadogo sana, zinazotosha kwa sindano nilizobaki nazo.

Nilidhani hapo ndipo mambo yamekwisha. Lakini Ijumaa moja alibisha hodi akiwa na sweta aliyomaliza, akaikunjua mapajani mwangu. Alikuja Ijumaa iliyofuata pia, na sasa amezoea. Hatuzungumzi juu ya sindano. Anataka niangalie pembeni, kushoto na kulia, kwa sababu yeye mwenyewe akiangalia haamini anachokiona.

Ananiletea mimi tu. Labda hana mwingine anayejua kufuma, labda ndiyo adhabu aliyonichagulia. Sijathubutu kumuuliza. Navuta sweta kwenye mwanga wa mlango, napitisha kidole mstari kwa mstari, na hakuna kasoro, haijawahi kuwapo.

"Iko sawa, Mama," namwambia.

"Angalia tena."

Naangalia tena.