Koti la Mvua Kwenye Vanishi

Karakana ile ya magitaa ilikuwa na mwenyewe, lakini chumba cha nyuma kilikuwa na mwenyewe mwingine kabisa: mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za ofisi. Watu walimwita Bi Kitambaa, kwa sababu ya kile kipande cha shati kuukuu la pamba kilichokaa begani mwake miaka thelathini na mitano, kimekatwa vifungo vyote visije vikakwaruza kitu.

Kazi yake ilikuwa vanishi. Usidhani ni hii ya siku hizi, ngumu, ambayo ukiigonga na kijiko haina habari nawe. Yake ilikuwa ile ya zamani, inayopakwa nyembamba, ikaachwa wiki nzima ikauke, ikapigwa msasa wa maji, kisha ikasuguliwa kwa mkono mpaka ubao uonekane kama umelowa. Ilikuwa nzuri, lakini kwa kudeka haikuwa na mfano. Jua haitaki, jasho haitaki, na zaidi ya yote haitaki mpira wala plastiki. Vitu hivyo vikiigusa muda mrefu, mafuta yake huingia ndani, na vanishi ikalegea ikawa kama ulimbo. Kila asubuhi Bi Kitambaa alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, akafunga madirisha, na ole wako ufungue mlango bila kubisha. Hata mwenye karakana alikuwa akibisha.

Wateja walimwogopa kweli kweli. Kabla hujasema shida yako, alishakuangalia kiunoni kama umevaa mkanda wenye chuma, maana chuma hicho ndicho kinachochimba migongo ya magitaa. Ukiwa nao, utauvua. Mtu mmoja aliwahi kusimama pale kaunta ameshika suruali kwa mkono mmoja na gitaa kwa mkono mwingine, na Bi Kitambaa akaendelea kumhoji taratibu kana kwamba hajaona kitu.

Mume alimpata hapo hapo kaunta. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hotelini, mrefu, mpole, na gitaa lake la rangi ya asali alikuwa akilisugua kwa mafuta ya nywele. Ndiyo, ya nywele! Vumbi la miezi lilikuwa limeganda juu yake. Bi Kitambaa akamuuliza anayepelekwa kwa kinyozi ni yeye au gitaa. Mwanamume akacheka mpaka akakaa chini, na wiki iliyofuata akarudi na mkwaruzo mdogo, na iliyofuata na mdogo zaidi. Mara ya tano Bi Kitambaa aligeuza gitaa lote mwangani asione hata alama moja, ndipo akaelewa kinachomleta. Damu zao zilikuwa zimeshapatana zamani, ila yeye alikuwa akiangalia vanishi tu.

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili, na sheria zikawa zile zile za karakana. Nawa mikono kwanza. Vua saa. Ukimaliza kupiga, futa nyuzi, futa kifua, rudisha gitaa kwenye sanduku lake. Mume alitii yote isipokuwa moja. Jioni, akishaoga, alipenda kukaa karibu na dirisha amevaa singlendi, akaegemeza mkono mtupu kwenye ukingo wa juu wa gitaa, na jasho la mkono ule likawa linaila vanishi kidogo kidogo. Pakafifia mahali pa ukubwa wa kiganja. Halafu pakawa pa kahawia, na ubao ukaanza kuchungulia. Kila mwaka mke aliomba apapake upya, na kila mwaka mume alikataa akisema mahali pale pameshauzoea mkono wake, wasije wakaanza kujuana upya uzeeni. Wakigombana hivyo binti yao, aliyekuwa mdogo bado, alikuwa akicheka sana, maana huo ndio ugomvi pekee aliowahi kuusikia ndani ya nyumba ile.

Uzeeni kwenyewe mume hakufika. Aliugua wiki tatu tu.

Siku waliyotoka kumzika, nyumba ilipobaki tupu, Bi Kitambaa alilichukua gitaa akalizungushia koti la mvua la mumewe, lile aliloenda nalo hotelini kila jioni, lenye harufu yake kwenye kola. Akalifunga zipu mpaka juu kama anayemfunika mtu, akalilaza sandukuni, akaliweka juu ya kabati. Koti lile lilikuwa la plastiki tupu. Alijua. Aliyewakaripia watu wazima miaka yote hiyo kwa ajili ya kipande cha mpira, alijua vizuri sana. Alijiambia ni kwa siku moja tu, kesho atalitoa. Kesho yake hakuweza kufungua sanduku, na mwezi uliofuata hakuweza, kisha ikapita miaka tisa.

Ndani ya miaka hiyo binti akawa mwalimu wa muziki, akawa anafundisha kwa gitaa la kuazima. Mara mbili aliomba la baba yake. Mara mbili mama alimkatalia, akisema vanishi ile haiwezi kuhimili kubebwa na kurudishwa kila siku. Binti akarudi kwenye lile la kuazima. Kisha macho ya Bi Kitambaa yakaanza kuingia ukungu, akaacha kazi, na asubuhi moja akamwita binti yake bila kuombwa, akamwambia apande kwenye kiti alishushe gitaa la baba yake.

Walilifungulia mezani, dirisha wazi. Harufu kali ikawapiga usoni. Koti halikutoka, ilibidi livutwe polepole, likawa linabanduka kwa sauti ya plasta inayotolewa kwenye kidonda. Kifua cha gitaa kilikuwa kimechapwa kila mkunjo wa koti, na katikati, toka juu mpaka chini, palikuwa na mstari wa meno ya zipu. Binti aligusa, kidole kikanata.

Bi Kitambaa akakaa kitini. Alisikia aibu ambayo hakuwahi kuisikia maishani, aibu ya fundi na ya mke kwa pamoja. Mwanzo alisema lifungwe lirudishwe juu. Lakini alijua pia kwamba vanishi iliyolegea haiponi yenyewe. Itaendelea kulainika, ishike vumbi, ishike mikono ya nguo, na gitaa lisipigike tena. Dawa ilikuwa moja tu, kuitoa yote mpaka kwenye ubao na kupaka mpya, na pamoja nayo kutoa mahali pale pa kahawia, kwa sababu hata pale plastiki ilikuwa imefika. Picha za mumewe alikuwa nazo. Lakini mahali ambapo mkono wake ulikuwa umegusa kila siku, kwa miaka ishirini na miwili, palikuwa hapo peke yake.

Siku nne gitaa lilikaa pale pale mezani. Siku ya tano alinyunyiza maji sakafuni, akafunga madirisha, akamwita binti. Yeye haoni vizuri, alisema, kwa hiyo mkono utakuwa wa binti na kidole kitakuwa chake. Wakaanza nyuma ya gitaa. Binti anasugua, mama anapapasa, anasema bado, anasema hapo sawa, anasema usikandamize, hufui nguo. Wakamaliza mgongo, wakamaliza mbavu, wakageukia kifuani. Meno ya zipu yakaisha moja baada ya jingine. Mchana ulipopinduka, binti akafika ukingo wa juu, akasimamisha mkono.

"Mama, hapa tupaache. Hapa ni baba."

Bi Kitambaa alipeleka kidole, akapapasa pale polepole, akazunguka mpaka wake wote, akarudia. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Akapafunika kabisa kwa kiganja chake. Kisha akakiondoa.

"Sugua, mwanangu," alisema. "Ukianza kulipiga, mkono wako utakaa wapi?"

Binti akauchovya msasa majini, akaanza kusugua.