Vuai Hakusuka Mkeka

Nakumbuka siku niliyofukuzwa Kizimkazi na jarida langu mkononi, na haki ya Mungu nilistahiki. Mwanangu, kaa kitako. Sitaki chai yako, wala "pole mwalimu" yako. Leo nna hasira, nawe utanisikiliza mpaka mwisho.

Nilikuwa kijana, mwalimu mpya hapa mjini, shahada imenijaa kichwani. Kila wiki nikienda Kizimkazi kwa Bi. Mwanaisha Vuai, msukaji mikeka. Hakujua kusoma, lakini kila msuko akiujua kwa jina lake na sababu ya jina lenyewe. Alinifunza mwaka mzima, asitake kitu ila kimoja.

"Ukiyaandika haya," akanambia, "watu wajue yametoka kwa Mwanaisha, na Mwanaisha kafunzwa na mamake. Baba yangu, huyo Vuai, usimtaje. Katuacha mie natambaa, hata maziko ya mama hakuja."

Nikamwahidi, kwa mdomo huu huu.

Sasa sikiliza ujinga. Makala ilipokuwa tayari nikautazama mwongozo wa jarida: pambizo kiasi gani, herufi ukubwa gani, na kila anayenukuliwa atajwe kwa jina la ukoo. Jina la ukoo! Sisi huku mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Ningemwandikia mhariri mistari miwili tu nikamweleza. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona haya, nisije nikaonekana mshamba. Nikaipanga makala ikapangika, nukta zote mahali pake, na kila penye Mwanaisha nikaweka Vuai. Wallahi ilipendeza kuitazama.

Ilipochapishwa nikaenda mbio Kizimkazi. Shikamoo, marahaba, nikakaa mkekani nikaanza kumsomea: "Kwa mujibu wa Vuai, ukindu huchemshwa..." Akaacha kusuka.

"Vuai yupi?"

"Ndiye wewe, Bi. Mwanaisha. Ndio utaratibu wa wataalamu."

"Mie Vuai?" Akasimama, mzee wa watu. "Vuai kasuka nini? Kamfunza nani? Nimekupa ufundi wa mama yangu, wewe umekwenda kumpa mwanamume aliyemtupa! Ondoka kwenye mkeka wangu. Toka!"

Nikatoka nalia. Nikamwandikia mhariri, akanijibu kwa adabu kuwa toleo lishatoka, na makala imefuata mwongozo. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi kuomba radhi, hakunifungulia. Nikarudi tena, nikakuta wanawake wanamsomea khitma.

Jana umeniletea makala yako niipitie kabla hujaituma. Safi, imenyooka, nikawa nakusifu peke yangu. Nikafika ukurasa wa sita: "Marehemu Mzee Vuai, bingwa wa mikeka wa Kizimkazi, aliyerithi ufundi huu kwa baba zake..." Lahaula! Mzee Vuai! Kwa baba zake! Umeyatoa wapi? Umesoma makala yangu, ukajaza mengine kwa kichwa chako, na Kizimkazi hujatia mguu. Hasira hizi nusu ni yangu mwenyewe, najua. Nusu nyengine ni yako, na uichukue.

Mwanangu, mwongozo ufuate. Wakitaka pambizo, wape; wakitaka makala ipunguzwe, ipunguze. Lakini jina la mtu si pambizo. Muulize mwenyewe aandikwe vipi, uandike hivyo hivyo, na mhariri akikataa mweleze, akishindwa kufahamu tafuta jarida jengine. Yapo. Na kabla hujaituma, msomee aliyekufunza, akiwa hai, aseme ndiyo au siyo. Mimi nilisoma baada ya kuchapisha.

Haya, nenda ukaufute ukurasa huo. Mungu akufungulie elimu, akupe kalamu yenye insafu na haki, na akuepushe na dua ya mtu uliyemnyang'anya jina, maana dua ya aliyedhulumiwa haina pazia.