Kitovu cha kioo cha mama, na swali nililomuuliza fundi wa saa

Wakuu, salaam. Wa kunishikamoo anishikamoo, nimetimiza tisini. Mjukuu ndiye anayechapa, mimi nasema. Chumvi sitii, nina presha.

Nimeona humu mnaulizana habari za vile vioo vya mviringo vya kukandamizia karatasi, vyenye maua ndani. Eti original utaijuaje? Nikacheka, kisha nikalia kidogo.

Miaka ya arobaini, vita vimekwisha, mimi nina kama miaka kumi, kwetu Jomvu Kuu. Marehemu baba alikuwa akifagia ofisi moja Changamwe. Bosi wake alipohama alimwachia kioo kama hicho.

Mimi pia nililetwa na baba. Mama mzazi alifariki Chaani nikiwa mchanga, jamaa zake hawakujulikana. Baba, ingawa hakunizaa, akanibeba hadi nyumbani, mkewe akanipokea. Huyo ndiye ninayemwita mama.

Baba alipofariki, ami alikuja siku moja, akakishika kile kioo.

"Ndugu yangu alikuwa mwepesi wa kudanganywa. Kapewa kitako cha chupa, kaambiwa kito. Tena kapewa mtoto asiyejulikana kitovu chake kimezikwa wapi."

Kwetu, kitovu chako kilipozikwa ndiko kwenu. Nilimsikia vizuri. Siku ile sikula.

Asubuhi yake mama alivaa buibui, akakifunga kioo kwa leso, tukaenda kwa miguu mpaka Changamwe kwa mzee mmoja, fundi wa saa aliyejua sana vioo.

Fundi alikipima kiganjani. Akakigeuza dirishani akitafuta vipovu. Akapitisha ukucha ukingoni, hapakuwa palipomeguka. Halafu akaweka lenzi jichoni.

"Nani kakisugua hiki?"

"Ni mimi," mama akasema. "Kila Ijumaa, kwa jivu na mchanga."

"Lahaula! Chini kuchakaa ni uzee, haidhuru. Lakini juu kote, bibi? Hii si sufuria!"

Mama akainamisha kichwa. Kule kusugua kulikuwa heshima yake kwa mumewe, wakuu.

Fundi akakipindua, akatuonyesha kovu la duara katikati ya kitako, pale kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma kikiwa bado cha moto.

"Mimi napaita hapa kitovu. Cha mtambo hakina. Hiki kimezaliwa na mikono ya mtu."

"Na kwao ni wapi?" nikauliza.

"Kitovu hakisemi, mwanangu. Ni Ulaya huko, nti yenyewe siijui."

Mama akakichukua kioo chake, akakifunga tena kwenye leso.

"Mimi naijua," akasema. "Kwao ni kwangu. Na huyu pia."

Njia nzima ya kurudi hakuniachia mkono. Ami alipokuja tena, mama alimpa kahawa na maneno yayo hayo. Habari ya kitovu ami hakuitaja tena.

Kioo ninacho hadi leo. Mjukuu asema ipo dawa ya kuondoa mikwaruzo. Nimemkataza, ile ni mikono ya mama.

Basi mkinunua, pindueni kwanza, na mchanga achieni masufuria. Na mwenye mtoto wa kulea amwambie mapema kwao ni wapi, asingoje mtoto aulize kwa fundi wa saa.

Nanyi mliolelewa, mliambiwaje? Semeni, ila polepole, mchapaji wangu ana mitihani.