Meno ya Juu ya Kasiani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwa siku nne nzima kazi yangu kubwa ilikuwa kumzuia mdogo wangu asicheke. Jaribu wewe kumzuia mtoto wa miezi saba asicheke. Ukimnunia, anacheka. Ukimkodolea macho, anacheka zaidi. Ukimziba mdomo kwa kiganja anadhani ni mchezo, anakulamba.

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa kijijini kwetu Ruanda, huko Mbinga, na baridi ilikuwa kali. Nikitoka shule, mama alinikabidhi Kasiani nikae naye juu ya magunia kando ya shamba. Siku moja akaniuma kidole. Nikampapasa ufizi: chini laini, juu vijino viwili vimechomoza. Nilijua nilichokigusa. Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alikwisha kutuambia kwamba mtoto anayetangulia kuota meno ya juu ni kigego, na kigego hakui bila kumzika mtu wa nyumbani. "Zamani walikuwa wanawatupa," alisema huku akimenya viazi, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi.

Na msidhani bibi alikuwa mpagani. Ndiye aliyenifundisha Salamu Maria, na rozari yake haikutoka shingoni hata akioga. Mimi nilimwamini kwa yote mawili, sala na meno, wala sikuona ugomvi kati ya hayo.

Basi nikawa mlinzi wa mdomo wa Kasiani. Usiku niligeukageuka nikiwahesabu watu wa nyumba yetu: baba, mama, bibi, mimi. Nani sasa? Nilimpenda Kasiani na nilimwogopa, na nisingeweza kumwambia mtu, maana kulisema jambo kungelifanya kuwa kweli.

Siku ya tano majirani wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja kusali kwetu. Katikati ya litania mwenyekiti akapiga chafya kubwa, naye Kasiani, mapajani pa mama, akaangua kicheko, mdomo wazi kabisa. Wanawake watatu wa mbele wakaona. Bibi akaona. Litania iliendelea, lakini "utuombee" ilikuwa ya watu wachache.

Wageni walipoondoka bibi alimgeukia mama. "Mama Hyasinta," alisema, Hyasinta ndiye mimi, "huko kwenu ziwani sijui mnafanyaje. Hapa mtoto wa namna hii anapelekwa kwa mganga, na anapelekwa wiki hii." Mama alikuwa ametoka Lituhi, na kila alipopishana na bibi alikumbushwa ziwa.

Baba, mtu asiyependa kelele, akatafuta njia ya katikati. "Twende Alhamisi kimyakimya, tumalize. Jumamosi tutaungama."

"Baba Hyasinta, dhambi nayo unaipangia ratiba?" Mama aliweka mwiko chini. "Nikimpeleka, nimekubali kuna kitu chenye nguvu juu ya mwanangu kumpita Mungu. Leo nitakubali kwa meno, kesho kwa bundi, keshokutwa kwa ndoto. Mungu atabaki wa Jumapili tu."

"Na mtu akifa?" bibi akauliza.

Mama aliokota mwiko wake. "Sijui, mama. Lakini simpeleki."

Jumapili, wakati wa matoleo, waumini wengine walipanga foleni na mahindi na maharage. Mama alipanga foleni na Kasiani mikononi. Padre alisita kidogo, akamwekea mtoto mkono kichwani, akaendelea na aliyefuata. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Huyu mwanamke ana kiburi." Alasiri bibi alikusanya blanketi na sufuria yake, akahamia kwa baba mdogo ng'ambo ya bonde.

Haikupita mwezi akashikwa na kifua. Mama alivuka bonde kila asubuhi na uji. Bibi aliunywa, lakini kwanza aliuliza, "Umekuja naye?" Kila siku mama alijibu hapana, maana mtoto alimwacha kwangu. Walipompeleka hospitali alikaa siku tatu, akafariki. Hakuwahi kutaka aletewe Kasiani, na sitakuwa mkweli nikisema yeye na mama walipatana.

Msibani watu walikuwa wakituangalia, kisha wanaangalia pembeni. Mimi nilimlaza Kasiani kwenye mkeka nikakataa kumbeba. Akaanza kutambaa kunifuata. Nikasogea. Akafuata tena, nikasogea tena, na moyoni nilikuwa nikimwita muuaji. Mama alituona kutoka upande wa jikoni, akaja akachuchumaa mbele yangu, macho yamevimba kwa kulia.

"Si ulimpeleka mpaka altareni?" nilimwambia. "Si uliomba?"

"Niliomba," alisema. "Lakini sikumweka Mungu mbele ili kwangu asife mtu, Hyasinta. Nilimweka mbele kwa sababu yeye ni Mungu." Kisha akasema, "Mbebe mdogo wako. Haelewi kwa nini unamkimbia."

Leo Kasiani ni mwalimu, ana watoto wawili, na wazazi wetu wote wawili wangali hai. Bibi alikuwa mzee na kifua kilikuwa kimemsumbua tangu zamani. Hayo nayajua vizuri. Hata hivyo binti yangu wa kwanza alipofika miezi sita, kila asubuhi nilimpapasa ufizi kabla ya kusali. Kabla ya kusali. Hapo ndipo ninapojishtaki. Nina kadi ya jumuiya na nafasi yangu kwenye kwaya, lakini ukitaka kujua ninachokiogopa kuliko vyote, tazama mkono wangu unakwenda wapi kwanza nikiamka.

Zamani niliwaza kwamba mama hakuwa na woga, na kwamba mimi nilizaliwa na imani pungufu. Mwaka jana nilimuuliza. Alicheka, akasema siku ile ya matoleo miguu ilikuwa imekufa ganzi, alihofia kumwangusha mtoto mbele ya padre.

Pale msibani nilimbeba. Nilimfunga mgongoni, nikapita naye katikati ya wanawake waliokaa, nikisubiri jambo baya litokee. Sikuwa na amani yoyote. Nilimbeba hivyo hivyo mpaka akasinzia, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliyomtanguliza Mungu.