Darasa la Mama

Mwaka ule wa lokdauni kali, huku ughaibuni, mtaani kwetu Bankstown, tulifungiwa kama kuku, na kanisa la Lidcombe tunaloazima Jumapili mchana lilikuwa na kufuli. Wazee Wazungu wa Kimethodisti wakaona huo ndio wakati wa kuandika historia ya makanisa ya eneo letu. Sikatai. Watu walikuwa wamekaa tu.

Mchungaji wetu akawatumia ukurasa kuhusu sisi wa ibada ya Kiswahili. Aliandika kweli: tulianzia sebuleni kwa mama yangu, yeye akiwa kiongozi wa darasa. Rasimu ya kitabu iliporudi nilikuwa nanyonyesha. Nikasoma kwenye simu kwamba kanisa letu lilianzishwa na mchungaji, na kwamba kabla yake palikuwa na akina mama wakimbizi waliokutana kujifunza Kiingereza.

Mama yangu hajawahi kujifunza Kiingereza sebuleni kwake. Hata leo hataki.

Kwa Mmethodisti darasa si shule. Ni waumini wachache wa mtaa mmoja waliokabidhiwa kwa mtu mmoja. Anawauliza hali ya roho zao, anajua nani mgonjwa, nani hasemi na mumewe. Mama aliongoza darasa kambini Kigoma, akaanzisha lingine hapa wakati mchungaji bado anasubiri viza.

Nikampigia mchungaji simu.

"Baba Mchungaji, umeisoma?"

"Nimeisoma, mwanangu. Ni neno moja tu. Tusiwasumbue wazee, wametupa jengo."

"Wametupa jengo. Mama hawakutupa wao."

"Umeanza ukali wa mama yako."

"Bado. Ule unaujua mwenyewe."

Akakubali niingie kwenye mkutano wao wa mtandaoni. Mhariri alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamweleza darasa ni nini. Akasema taratibu kwamba hata babu yake aliitwa kiongozi wa darasa, palepale Lidcombe. Neno lilikufa na wazee wake, yeye mwenyewe alikuwa amelisahau.

"Na babu yako umemwandika alikuwa akijifunza Kiingereza?" nikamuuliza.

Mchungaji akakohoa. Bibi akawa mwekundu, lakini hakubisha. Alifungua ukurasa wetu tukiuona wote, akafuta, akaandika upya: kanisa hili lilianza kama darasa, na aliyeliongoza ni mwanamke. Kisha akauliza aweke jina gani.

Mama alikuwa kando yangu, amembeba mtoto, akisikiliza kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Nikamgeukia.

"Mama, wanataka jina. La ubatizo au la nyumbani?"

"Yote mawili," akasema. "Na uwaambie waandike herufi moja moja, unavyowatajia. Wasije wakakosea tena."

Nikataja herufi moja moja, na Mama akasogea karibu na kioo cha simu kuzikagua.