Jembe la Mwelu na Kipande cha Juu ya Chemchemi

Mpwa wangu Mwelu nilimfundisha mimi kushika jembe, kwa hivyo sifa zake zina mkono wangu. Makosa yake ameyatoa kwa kina baba yake.

Kama hujaona shamba safi, panda Wundanyi uulize la Mwelu. Nyasi ikichomoza Jumatatu, Jumanne haipo. Kwetu milimani mwanamke hupimwa hivyo. Shamba likiota magugu, hata kanisani utaangaliwa kwa pembe ya jicho.

Mwaka juzi kikundi chetu kilianza kurudisha msitu pale misonobari ilipokatwa ikaisha. Kila mtu alipewa kipande na miche sitini ya miti ya asili. Mwelu aliomba kipande cha juu ya chemchemi ya kwao, iliyokuwa imebaki kutoa machozi tu. Mwenyekiti Phineas akaweka sheria: ikifika Julai, ambaye miche yake iliyo hai haifiki thelathini, kipande anapewa mwingine. Na aliyekimezea mate kile cha Mwelu alitaka kupanda mikaratusi, mti unaokunywa maji kuliko shemeji zangu wanavyokunywa chai.

Tulipanda Novemba. Desemba Mwelu akapalilia, Januari akapalilia tena, mpaka udongo ukang'aa kama sakafu. Februari miche yake ikaanza kukauka. Mimi kipande changu sikukikanyaga tangu siku ya kupanda. Nilikuwa na mgongo, ule ugonjwa unaokuja na jembe na kuondoka na ugali. Miche yangu ilikuwa imenona.

Mwelu alikuja akasimama, mikono kiunoni.

"Mjomba, umeweka mbolea gani?"

"Mbolea ya nini? Mimi huisalimia mmoja mmoja."

"Wacha mzaha. Mimi nashinda na jembe, yangu inakufa. Wewe unalala tu, yako inanenepa. Kwani Mungu anasoma orodha kutoka chini?"

Nikakohoa kama mtaalamu. Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua. Nilisoma mpaka darasa la sita, na mpaka hapo hatukuwa tumefika kwa miti.

Akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya magugu yangu. Ukatoka na unyevu. Akaenda kwake, akachimba kwa kidole: vumbi, tena la moto. Akarudi kwangu. Akaenda tena.

"Sielewi. Magugu hunyonya mmea. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilikufundisha mahindi."

"Na mti si mmea?"

Nikainama kufunga kamba za kiatu, na nilikuwa nimevaa ndara.

Tangu siku hiyo aliacha jembe nyumbani. Nyasi ikapanda. Jirani yake Risper alipita akaita, "Mwelu, umehama ama umefiwa?" Mwelu alisimama pale, mikono ameificha kwapani, akiyatazama magugu kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani ndani ya mahindi yake. Siku moja aling'oa gugu moja, akaangalia huku na huku, akalirudisha ardhini.

Julai Phineas akaja na daftari. Alihesabu ishirini na saba.

"Pole, Mwelu," akasema, akafunga daftari.

Mwelu alikwenda kwa magoti, akitenganisha nyasi, mpaka kwenye kijiti kikavu. Shinani palikuwa na majani mawili mabichi.

"Huu ulikufa," Phineas akasema. "Niliuona Machi kwa macho yangu."

"Ulikufa. Sasa una majani. Andika."

"Niandike mfu ama hai?"

"Wewe umeona wapi mfu akiota majani?"

Phineas alikuna kichwa, akaniangalia mimi. Nikaangalia mawingu. Akaandika. Mwelu akatambaa, akapata wa pili, wa tatu, wa nne. Thelathini na mmoja.

Kipande ni chake. Chemchemi bado inatoa machozi yale yale. Kila Jumamosi Mwelu hupita kwangu akipanda kwenda kipandeni, mikono mitupu.

"Mjomba, leo nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Nisifanye mpaka lini?"

Nami hutazama mbali, kama mtu anayejua.